Kazi mchana, masomo jioni: kwa nini mafundi wengi wa mashini hawafiki kuwa mainjinia

Kuanzia Bunia mpaka Lubumbashi, kuna maelfu ya watu ambao kazi yao ya kila siku ni mashini. Wanafungua injini za malori ya njia ya Kasumbalesa, wanatengeneza jenereta za hospitali, wanachunga pampu za migodi ya Kolwezi, wanarudisha uhai kwa mashua za ziwa Tanganyika. Wengi wao walimaliza shule ya ufundi, wakapata diploma ya Serikali, wakahesabiwa kuwa A2, kisha wakaingia kazini kwa sababu nyumbani hakukuwa na pesa za kwenda chuo kikuu. Baada ya miaka kumi wanaijua mashini kuliko yule anayewaongoza. Lakini karatasi inayosema mashini ifunguliwe, ibadilishwe au inunuliwe mpya, wao hawaisaini.

Kila mwaka, vyuo vinapoanza kuandikisha wanafunzi, swali linarudi kwa mafundi hao: je, mtu anaweza kusomea uinjinia wa mashini bila kuacha kazi inayolisha watoto wake? Wazee watajibu kwa methali: mshika mbili, moja humponyoka. Na kweli, wengi waliojaribu waliacha njiani, wengine mwaka wa kwanza, wengine wakiwa wamebakiza mwaka mmoja.

Tukiangalia mambo kwa utulivu, tunaona kwamba kizuizi kikubwa si akili ya fundi. Pesa ni kizuizi, ndiyo, lakini fundi mwenye mshahara ana nafasi nzuri ya kulipa kwa awamu kuliko kijana asiye na kazi. Kizuizi chenyewe ni kalenda. Masomo yamepangwa kwa mtu ambaye hana kazi nyingine, na kazi imepangwa kwa mtu ambaye hana masomo. Hakuna aliyekaa chini kuziweka kalenda hizo mbili pamoja, ijapokuwa sheria za nchi zimekwisha kuruhusu.

Fundi anajua nini, na injinia anaongeza nini

Tuanze na sababu ya kusoma kwenyewe. Kuna wanaosema kwamba diploma ni karatasi tu, na kwamba mkono ndio unaofanya kazi. Mfano mmoja unaonyesha kwamba sivyo.

Chukua pampu inayovuta maji kutoka chini. Fundi ameona inatoa kelele kama changarawe ndani yake, na kila baada ya miezi michache kipande cha ndani kinacholiwa kinapaswa kubadilishwa. Anabadilisha. Kinaliwa tena. Ana mkono mzuri, na kazi yake ni safi, lakini ugonjwa haumo katika kipande hicho. Pampu haivuti maji kwa nguvu yake peke yake: ni uzito wa hewa ya nje unaoyasukuma maji yapande ndani ya bomba. Usawa wa bahari, uzito huo unaweza kuinua maji mpaka mita 10.3 hivi, katika hesabu isiyotoa hasara yoyote. Goma, Bukavu na Kolwezi ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi zaidi, na kipimo hicho kinashuka mpaka mita 8.6 hivi. Katalogi ya pampu mara nyingi imeandikwa kwa hesabu ya usawa wa bahari. Anayeifuata bila kurekebisha ameweka pampu juu mno. Ndani yake maji yanachemka bila moto, mapovu yanapasuka, na chuma kinaliwa.

Jenereta ni vilevile. Isiyo na turbo, ikipandishwa mpaka mita 1,500, inaweza kupoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Hospitali inanunua jenereta ya nguvu fulani, inawasha mashini zote, jenereta inazima, halafu fundi analaumiwa.

Injinia ni yule anayefanya hesabu hiyo kabla ya kununua. Lakini injinia aliyetoka oditwari moja kwa moja, bila kusikia kelele ya pampu hata siku moja, naye anakosa nusu ya kazi. Mtu aliyeisikia kelele hiyo kwa miaka kumi, kisha akajifunza hesabu yake, ndiye nchi inayemhitaji. Na mtu huyo hawezi kupatikana kwa njia nyingine ila kusoma akiwa kazini.

Haja hiyo ni ya wazi. Kongo ni nchi ya kwanza duniani kwa kutoa kobalti na iko kati ya zile za mbele kabisa kwa shaba. Kituo cha umeme cha Mwadingusha, kilichoanza mwaka wa 1930, kilibidi kufanyiwa matengenezo makubwa karibuni. Katika Kivu Kaskazini, kituo cha Matebe kinafanya kazi tangu 2015. Kule Haut-Uélé, mgodi wa dhahabu wa Kibali unatumia vituo vyake vya maji. Sheria ya 2017 juu ya kandarasi ndogo inataka kazi hizo zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Kampuni hizo haziwezi kudumu kama kila mara zinapaswa kumkodi mtu wa nje ili asaini mpango wa kazi.

Zamani, Union Minière na baadaye Gécamines zilikuwa na shule zao za ufundi, na mfanyakazi alipanda ngazi ndani ya kampuni. Mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kupunguza watu. Wengi wa kizazi kile leo wamezeeka, na ngazi waliyoipanda haikuwekwa tena kwa watoto wao.

Hesabu ya saa

Sasa tuingie katika kalenda. Vyuo vikuu vya Kongo vinafuata mfumo wa LMD, yaani licence, master na doctorat, uliowekwa katika sheria ya elimu ya mwaka wa 2014 na kuenezwa katika vyuo vyote tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022. Katika mfumo huo, masomo yanahesabiwa kwa kredi: 60 kwa mwaka, 180 kwa licence, na 120 zaidi kwa master.

Kule Ulaya, ambako mfumo huu umetoka, kredi moja inahesabiwa kuwa kazi ya saa 25 mpaka 30 za mwanafunzi, tukiweka pamoja darasa, mazoezi na kusoma peke yake. Tuchukue hesabu ndogo, saa 25. Kredi 60 ni saa 1,500 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa wiki 40, ni saa 37 na nusu kila wiki.

Upande wa pili, sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inaweka saa 45 za kazi kwa wiki. Jumlisha: saa 82 na nusu, kabla ya kuhesabu njia ya kwenda na kurudi, kanisa au msikiti, wagonjwa wa familia na matanga. Kwenye migodi, ambako mara nyingi watu wanafanya zamu za saa 12, wiki moja usiku na nyingine mchana, hata masomo ya jioni hayawezekani: wiki hii fundi yuko darasani, wiki inayofuata yuko chini ya taa za mgodi.

Kwa hiyo, anayeacha masomo mwaka wa pili si mvivu. Amepewa mzigo ambao hata kijana mwenye nguvu hawezi kuubeba miaka mitano mfululizo.

Lakini tazama nini kinatokea tukikata mzigo katikati. Kredi 30 kwa mwaka ni saa 750, yaani karibu saa 19 kwa wiki. Bado ni nzito, lakini mtu anaweza: jioni mbili, Jumamosi nzima, na saa chache za alfajiri. Licence itachukua miaka 6 badala ya 3. Miaka 6 ni mingi, ndiyo. Lakini yule anayejiandikisha kwa kredi 60, akashindwa, akarudia, akasimama kwa kukosa pesa, kisha akarudi tena, mara nyingi anatumia muda uleule na mwisho wake hana diploma.

Mlango uko wazi, nani anaingia?

Hapa ndipo watu wengi hawajui haki yao. Msingi wa LMD ni kwamba kredi iliyopatikana inahifadhiwa. Somo ulilofaulu haulirudii kwa sababu umeanguka katika somo lingine. Katika mfumo wa zamani, mwaka ulikuwa kama fungu moja: ukishindwa, unaurudia wote au karibu wote. Katika mfumo wa sasa, mwaka umekatwa vipande, na mwanafunzi anavikusanya.

Mfumo kama huo umetengenezwa, tunaweza kusema, kwa ajili ya mtu anayefanya kazi. Lakini ratiba za vyuo vingi zimebaki zile za zamani: masomo yote ya mwaka kwa wote, asubuhi mpaka alasiri, na ada ya mwaka mzima hata kwa mtu ambaye angetaka nusu ya masomo. Kuna taasisi za ufundi zenye masomo ya jioni, na hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingi masomo ya jioni ni mzigo uleule wa mchana uliohamishwa kwenye saa za giza. Kinachohitajika zaidi ni kupunguza mzigo wenyewe kwa mwaka na kumwambia mwanafunzi kwa maandishi: unachukua kredi 30, unalipa za kredi 30, na tunakuhifadhia ulizopata.

Ufaransa ina mfano wa zamani. Taasisi ya Cnam ya Paris ilianzishwa mwaka wa 1794, na kwa muda mrefu imefundisha wafanyakazi jioni na Jumamosi. Mtu anakusanya masomo yake moja moja, mwaka hata mwaka, na wako waliofika kuwa mainjinia kwa njia hiyo bila kuacha kazi. Tangu sheria ya mwaka wa 2002, nchi hiyo inakubali pia kwamba uzoefu wa kazi upimwe na utolewe diploma. Karibu nasi, chuo kikuu cha Unisa cha Afrika Kusini kinafundisha uinjinia wa mashini kwa mbali, na wanafunzi wanaitwa kwenye maabara kwa siku za mazoezi. Mkongomani anaweza kujiandikisha huko, lakini masomo ni kwa Kiingereza, na wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa.

INPP na kifungu ambacho hakisomwi

Kuna mlango wa pili, upande wa waajiri. Kifungu cha 8 cha sheria ya kazi kinasema kwamba kila mwajiri, wa Serikali au wa binafsi, ana wajibu wa kuwafundisha na kuwaendeleza wafanyakazi wake, na kwamba anaweza kutumia INPP kwa kazi hiyo. Taasisi hii iliundwa mwaka wa 1964, na waajiri wanaichangia pesa kwa hesabu ya mishahara wanayolipa. Kwa maneno mengine, kila fundi aliyeandikishwa kazini kwa sheria, mwajiri wake anatoa kitu kwa ajili ya mafunzo. Wangapi wanajua? Na wangapi wamewahi kuuliza?

INPP ina karakana. Ile ya Lubumbashi ilipata majengo na vifaa vipya kwa msaada wa Japani. Mtu anaweza kujifunza huko kulehemu, kuendesha mashini za kuchonga chuma, umeme wa viwandani, mafuta ya presha. Lakini anapotoka na cheti chake na kwenda kugonga kwenye fakulti, anaambiwa aanze mwanzo, kama kijana aliyetoka shule jana. Atakaa darasani kufundishwa mashini ya kuchonga ambayo anaiendesha kila siku, huku saa zake chache zikipotea, wakati ambapo hesabu na fizikia ndizo anazohitaji.

Kama fakulti na INPP zingekaa meza moja na kuamua kwamba mafunzo fulani yanahesabiwa kuwa kredi fulani, baada ya mtihani wa kuhakikisha, fundi angeokoa miezi mingi. Hilo halihitaji majengo mapya. Linahitaji makubaliano na sahihi.

Wasiwasi wa maprofesa

Tusifiche upande mwingine. Maprofesa wengi wanaogopa neno "masomo ya jioni", na wana sababu. Nchi imeona vyuo vinavyofunguliwa katika nyumba za kupanga, bila maabara, vikitoa diploma kwa yeyote anayelipa. Uinjinia hauna huruma kwa diploma za namna hiyo. Tanki la presha lililohesabiwa vibaya linapasuka, na winchi iliyowekewa kamba dhaifu inaua mtu.

Kwa hiyo ni lazima kusema wazi: kupunguza mzigo wa mwaka si kupunguza somo. Mtihani wa fundi anayesoma miaka 6 unapaswa kuwa uleule wa kijana anayesoma miaka 3, siku ileile, karatasi ileile. Hapo hakuna atakayesema diploma ya jioni. Maabara pia hayawezi kufanywa kwa simu, lakini yanaweza kukusanywa katika wiki mbili au tatu, wakati wa konje ya mfanyakazi. Na kwa mada kadhaa, karakana ya kampuni ina mashini kubwa kuliko za fakulti. Asistanti anaweza kwenda kumsimamia mwanafunzi huko huko kazini, na ripoti ya kazi ikawa sehemu ya masomo.

Usiku, vita na njia

Kwa watu wa Kivu na Ituri kuna jambo jingine. Somo linaloisha saa mbili za usiku si kitu kidogo katika mji ambako watu wanaogopa kutembea gizani. Kwa mwanamke anayefanya kazi ya ufundi, na hao wanaongezeka, ni hatari mara mbili, tena nyumbani kazi nyingine inamngojea. Kwa sababu hiyo, masomo ya Jumamosi na ya wiki nzima wakati wa konje yana faida kuliko yale ya kila jioni.

Halafu kuna vita. M23 ilipochukua Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, mabenki yalifungwa huko na familia nyingi zilitawanyika. Kuna wanafunzi waliokimbilia Beni, Bunia, Kinshasa au ng'ambo ya mpaka wakiwa katikati ya mwaka. Katika mfumo wa mwaka mzima, mwaka uliokatika umepotea. Katika mfumo wa kredi, masomo yaliyokwisha kufaulu yanabaki mali ya mwanafunzi, kwa sharti moja: awe na karatasi mkononi. Fakulti inayompa mwanafunzi orodha yenye muhuri ya kredi zake kila mwisho wa semesta inamlinda hata dhidi ya vita.

Kabla ya kulipa awamu ya kwanza

Wakati tunangoja wakubwa waamue, msomaji anayefikiria kujiandikisha anaweza kujilinda mwenyewe.

Kwanza, ahakikishe kwamba chuo kimekubaliwa na wizara ya elimu ya juu, na kwamba idara yenyewe ya mekanike au elektromekanike imekubaliwa pia. Jina zuri kwenye ukuta halitoshi.

Pili, aulize kuona maabara kwa macho yake: mashini ya kuvuta na kuvunja chuma, benchi la pampu, injini ya mazoezi. Kama hazipo, aulize wanafunzi wanapelekwa wapi.

Tatu, aulize kwa maandishi kama anaweza kuchukua sehemu ya kredi kwa mwaka, na atalipa kiasi gani. Jibu la mdomo la sekretari halitamsaidia wakati wa mtihani.

Nne, azungumze na mwajiri kabla, si baada ya kuanza kukosa kazi. Aombe zamu isiyobadilika katika semesta, na konje yake iangukie wakati wa maabara au mitihani. Kifungu cha 8 kinampa msingi wa kuomba, ijapokuwa hakimlazimishi mwajiri kukubali chuo anachotaka yeye. Mkurugenzi mwenye akili ataona faida: pampu isiyoharibika tena inalipa zaidi ya saa tano za ruhusa kwa wiki.

Tano, aanze na hesabu. Wengi hawaangushwi na mashini, wanaangushwa na hesabu waliyoiacha miaka kumi iliyopita. Miezi sita ya kurudia hesabu na fizikia ya sekondari, kabla ya kujiandikisha, ndiyo awamu ya bei nafuu kuliko zote.

Mwisho, aongee na watu wa nyumbani. Katika familia zetu, mwenye kazi ndiye analipa minerval ya wadogo zake, dawa ya mama na mchele wa mwisho wa mwezi. Miaka 6 ya masomo ni miaka 6 ambayo wote wataihisi. Wakijua mapema, watamsaidia. Wakishtukia, watamlaumu.

Mfumo wa LMD, sheria ya kazi na INPP vyote vipo tayari. Kinachobaki ni uamuzi ambao baraza la fakulti linaweza kuuchukua katika kikao kimoja: kuruhusu kredi 30 kwa mwaka, kwa ada ya kredi 30, kwa kila mfanyakazi anayeleta barua ya mwajiri wake. Fakulti ya kwanza itakayofanya hivyo, Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu au Goma, haitakosa wanafunzi. Wako tayari kazini, na mishahara yao inaweza kulipa.